Mforosadi wa Mama Marjani

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, zile siku ambazo jua la Nairobi haliamki kabisa na moshi wa makaa unashindwa kupanda, unabaki ukitambaa kati ya mabati, nilisimama mbele ya mti usio na jani hata moja nikautolea hukumu. Hukumu yenyewe ilikuwa fupi, na niliitamka kwa sauti ya mtu anayejua. Mwanangu, nywele zangu sasa ni nyeupe kama pamba, na neno lile bado halijaniachilia.

Nakuandikia kwa sababu ya jana. Ulitoka chumbani kwako na panga, ukautazama mti wangu hapa uani kwetu Kawangware ulivyosimama mtupu, ukaniambia, kwa jina la babu mnaloniita vijana wapangaji, "Guka, hii mti imekufa. Wacha niiangushe upate kuni." Ulisema kwa wema. Mimi nikakufokea mpaka majirani wakachungulia milangoni, wakidhani umeniibia. Nisamehe. Aliyefokewa hukuwa wewe. Alikuwa kijana mwingine aliyesimama pahali ulipokuwa umesimama, na kijana huyo nilikuwa mimi.

Nilitoka Kitui nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nikaja Kibera kwa binamu yangu aliyekuwa seremala kando ya reli, Laini Saba. Alinifundisha kazi. Nilipoweza kusimama kwa miguu yangu nilipanga chumba upande wa Makina, nikawa natengeneza vitanda na stuli mlangoni pangu. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kinubi, mjukuu wa wale askari walioletwa zamani kutoka Sudan wakapewa msitu wa kukaa. Wapangaji tulimwita Mama Marjani, kwa jina la mwanawe wa pekee. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na kivuli basi, na uani alitembea kwa kupapasa ukuta.

Katikati ya uani palikuwa na mti uliopita mapaa. Katika vitabu unaitwa mforosadi. Mtaani wanauita malberi. Sikuwa nimewahi kuuona Kitui, na ni Mama Marjani, asiyeona, aliyenionyesha namna ya kuutambua. Alivuta tawi akaniwekea majani mawili kiganjani, yote ya tawi lile lile. Moja lilikuwa zima, umbo la moyo, kingo zake zina meno madogo. La pili lilikuwa limekatwakatwa kama kiganja chenye vidole. Akasema mti huu ndivyo ulivyo, watoto wa tumbo moja wasiofanana. Kisha akalivunja jani kwenye kikonyo, na pakatoka tone la maziwa meupe. Tunda lake ni dogo, limeundwa kwa vitone vingi vilivyoshikana. Huanza kijani, likawa jekundu, na likiiva linakuwa jeusi linalodondoka kwa kuguswa tu. Huacha doa la zambarau ambalo sabuni hailiwezi.

Mti ule ulipandwa na Marjani. Alikuwa utingo wa malori yaliyokwenda kaskazini mpaka Sudan ya kusini, na alitamani kuiona nchi ambayo babu zake waliisimulia. Kabla ya safari yake ya mwisho alipewa kijiti na mzee mmoja wa Kawangware, akakichomeka uani kwao, akamwambia mama yake, "Mama, huu ukiwa na majani, jua mwanao anakula mahali." Akapanda lori. Baada ya hapo vita vikaifunga barabara, na hapakuwa tena na barua wala salamu. Kijiti kikawa mti.

Sasa sikiliza jambo lililonitisha tangu mwezi wangu wa kwanza pale. Kila alfajiri, akishamaliza kuswali, Mama Marjani alitoka, akayapapasa majani ya chini moja moja kama mtu anayempapasa mtoto uso, kisha akasema kwa yeyote aliyekuwa karibu, "Leo amekula." Mvua zikiwa nyingi alisema, "Amekula, ameshiba." Kwenye baridi, majani yanapopungua, alisema, "Leo amekula kidogo." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama unavyosema habari za mtu aliye chumba cha pili.

Tulikuwa na mpangaji mmoja, Mwende, Mkamba mwenzangu kutoka Machakos, muuza githeri ya mahindi na maharagwe, mwanamke asiyenyamazishwa na kitu. Msimu mmoja wa matunda alinivuta mkono asubuhi akanionyesha sakafu ya saruji. Matunda yalikuwa yameanguka na kupondeka, na kutoka chini ya mti zilikwenda nyayo za zambarau mpaka mlangoni kwa Mama Marjani. Zilikuwa nyayo za miguu mitupu, za mwanamume. Mguu wa kulia haukuwa na kidole cha mwisho. Ziliingia na hazikutoka. Sisi sote uani tulivaa ndara, na Mama Marjani alikuwa kitandani na homa. Mwende alisema, "Fundi, hesabu vidole vyako." Tulicheka. Lakini tuliosha ile sakafu upesi, na hatukumwambia mwenye nyumba.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Kazi yangu ilikuwa imekua, na mlango haukunitosha. Nilitaka banda, na pahali pekee pa kuweka banda palikuwa pale penye mti. Sikusema. Nilianza kidogo kidogo. Kwanza nilihamisha mfereji wa maji machafu. Maji yote ya kufulia ya uani yalikuwa yakipita shinani pa ule mti, mwaka mzima, na kwa sababu hiyo haukuwahi kuvua majani yote. Mimi niliyageuza yapite nyuma ya vyoo, nikasema mbao zangu zinaharibika. Ikaja baridi ya Juni, na kufika Julai mti ukabaki mifupa.

Kwetu Kitui miti huvua majani wakati wa ukame. Kiangazi kikali kinakuja, ardhi inapasuka, mti unavua nguo zake na kungoja. Hilo nalijua tangu utoto. Baba yangu aliniambia mti unaovua majani wakati ardhi ina maji huo haungoji kitu, huo ni kuni. Na Julai ile ya Nairobi manyunyu yalikuwa yakianguka kila siku, udongo umelowa, viatu vinateleza. Kwa hiyo niliutazama ule mti nikasema moyoni, umekufa. Hapo, mwanangu, nilikosea tu. Sikujua kwamba kuna miti inayovua kwa baridi. Sikujua pia kwamba manyunyu ya Julai hulowesha vumbi na kuishia hapo. Ukichimba urefu wa kiganja unakuta udongo mkavu. Kukosea si dhambi. Jambo usilolijua ni usiku wa giza, na mtu akijikwaa gizani hapigwi. Subiri nikuambie lililofuata.

Asubuhi moja Mama Marjani alipapasa tawi mpaka ncha asipate jani. Akapapasa la pili. Akaita, "Fundi, njoo unitazamie." Mimi nilikuwa mtu wa shamba na mtu wa mbao, na uani kwetu habari ya miti ilikuwa yangu. Nikavunja kitawi cha nchani, kikalia pa! kama kiberiti. Nikamwekea mkononi. Nikasema, "Mama, umekufa."

Alikipapasa kile kitawi. Kisha akauliza, "Umekwangua gome?"

Nikachukua patasi. Nilikwenda nikakwangua shinani, usawa wa kifua changu, ili asikie sauti ya chuma. Gome jembamba likatoka, na chini yake palikuwa kijani, kijani kibichi kama ganda la njegere, na maziwa meupe yakaanza kuchuruzika. Niliyaona. Yeye alisimama nyuma yangu, macho yake ya ukungu yameelekea begani kwangu, anangoja. Nikaweka kidole gumba juu ya ile alama nikakandamiza.

"Nimekwangua, Mama," nikasema. "Pakavu."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa vyote viwili kwa pamoja. Maziwa yale yalinata. Nilipoondoa kidole kilitoka na sauti ndogo, kama busu. Mama Marjani akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akageuka, akarudi chumbani kwake akipapasa ukuta, na kwa mara ya kwanza nikaona amekosa mlango akapita.

Alimlilia mwanawe. Alitandika mkeka, akaita watu wa msikiti wakasoma, wapangaji tukachanga sukari na majani ya chai. Wengine walinong'ona kwamba hakukaliwi matanga ya mtu asiye na maiti, kwamba mti ni mti. Mwende alikuja mlangoni kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mimi nilizaliwa kwenye miti. Mti nilishauangusha wiki ile ile, maana nilikuwa na haraka kabla mtu mwingine hajaleta kisu chake. Shoka lilipozama kisiki kililowa maziwa, nikakimwagia vumbi la mbao.

Mama Marjani hakuugua ugonjwa wenye jina. Alikuwa akiulizwa kama amekula, naye anajibu kwamba alikuwa akila kwa sababu mwanawe anakula. Alipungua mpaka nguo zake zikawa kama zimetundikwa. Mvua za vuli hazikumkuta. Waliokuja kuchimba kaburi walipita kwangu wakaniomba vijiti viwili vya alama, kimoja cha kichwani na kimoja cha miguuni, mpaka litakapopatikana jiwe. Nikawapa kilichokuwa karibu. Unajua kilikuwa cha mti gani.

Na si vijiti hivyo tu. Mbao zile sikuzitupa. Fundi hatupi mbao. Nguzo za banda langu zilikuwa matawi ya mforosadi, yakiwa na gome lake, nimeyachimbia ardhini. Nguzo za kamba ya kuanikia nguo vilevile. Bafu la wapangaji nililijengea fremu mpya kwa yaliyobaki. Mimi mwenyewe nilijitengenezea kitanda, miguu yake nikaiacha na gome kwa uvivu, nikaizamisha kidogo katika sakafu ya udongo ya chumba changu ili kisitikisike.

Mvua zikaja. Asubuhi moja Mwende alitoka bafuni mbio, kanga imefungwa nusu, akanikuta nikipiga randa. "Fundi," akasema, "bafu yako imeanza kuota majani. Nimeoga ikiniangalia." Nilikwenda nikicheka. Fremu yote ilikuwa na macho ya kijani yaliyofumbuka, na kwenye kona majani yalikwisha kukunjuka, moja zima, moja lenye vidole. Nikageuka. Nguzo za kamba zilikuwa zimeota. Nguzo za banda langu, zile nilizosimama katikati yake kutwa nzima, zilikuwa zimeota mpaka juu. Uani pote, kila nilipokuwa nimegusa, palikuwa na majani. Nilikuwa nimeukata mti mmoja, na sasa ulikuwa umesimama kila mahali ukituzunguka.

Mwende alijaribu mzaha. Aliniuliza kama na vitanda nilivyouza vitazaa, watu waamke na matunda mgongoni. Sauti yake haikuwa na mzaha ndani yake. Mwezi ule ule alihama kwenda Kianda, na wengine wakamfuata.

Mimi nilibaki, kwa sababu nilijiambia ni elimu tu, kijiti cha mforosadi kikichomekwa ardhini huota, ndivyo Mungu alivyokiumba, hakuna jini. Na ni kweli, mwanangu, ndivyo kilivyo. Hata leo nakuambia hivyo hivyo. Lakini asubuhi moja nililala muda mrefu kwa sababu ya mvua, mkono wangu ukaanguka kando ya kitanda, na vidole vikagusa kitu laini na baridi chini yangu. Kilikuwa kama sikio la mtoto. Niliinama. Mguu wa kitanda, upande wa kichwa changu, ulikuwa umechipua. Majani yale hayakuwa na rangi. Yalikuwa meupe kama utomvu wake, kwa kukosa jua, na yote yalikuwa yameelekea kwenye mwanga mdogo wa mlango, isipokuwa moja lililoelekea juu kwangu. Nilikaa nikaliangalia. Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema, "Leo amekula," na sikuwa nimeamua kusema kitu.

Siku hiyo nilikwenda makaburini. Sihitaji kukuambia nilikuta nini. Vijiti viwili, kichwani na miguuni, vyote vina majani, na katikati yake tuta la udongo. Watu waliokuwa wakipita pale walizunguka mbali. Masika yalipofika vilikuwa vichaka, vimezaa, na udongo wa kaburi ulikuwa na madoa ya zambarau. Hakuna aliyekula. Watoto wa Kibera wanaokula kila kitu kinacholiwa, hata wao walipita.

Ni masika hayo hayo alipokuja mtu. Nilikuwa nimeinama ninapiga msasa, na niliona miguu kabla ya uso. Miguu mitupu, imesimama mlangoni mwa banda, imepakaa zambarau kwa matunda ya zile nguzo. Mguu wa kulia haukuwa na kidole cha mwisho. Mwanangu, msasa ulinianguka. Nilipanda na macho polepole, suruali iliyochakaa, mkono wenye kovu, ndevu, na nikaona uso wa Mama Marjani katika mwanamume.

Alisema, "Nimeutafuta mti tangu relini, sikuuona juu ya mabati. Mama yuko wapi?"

Yeye pia, kumbe, alikuwa na ishara yake. Huko alikokuwa, alinieleza baadaye, alijiambia kwamba mti ukisimama mama amesimama. Kidole kile alikipoteza njiani kwa jeraha lililooza. Nilimuuliza lini. Alipotaja majira, yalikuwa kabla ya zile nyayo ambazo Mwende alinionyesha. Sikumwambia. Sikuzipima nyayo wakati ule na sitazipima sasa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nilimpeleka makaburini. Alisimama kati ya vile vichaka viwili, akanyanyua mikono akaomba dua, kisha akaniuliza imekuwaje. Nikaanza kumweleza kwa kuzunguka, baridi, manyunyu, kwetu Kitui miti inavyovua. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akaniuliza kwa upole, "Umekwangua gome?"

Lilikuwa swali lile lile, kwa mkazo ule ule. Yule mzee wa Kawangware aliyempa kijiti ndiye aliyemfundisha kwamba mti huu hulala, na kwamba usiuzike bila kukwangua. Naye alimwachia mama yake maneno hayo kama unavyomwachia mtu ufunguo. Niliusikia mdomo wangu kama si wangu. Nilikuwa nimeshasema uongo kwa swali hilo mara moja, na uongo ule ulikuwa umelala pale chini ya miguu yetu. Nikasema, "Nilikwangua. Palikuwa kijani. Nikaweka kidole." Na nikamwonyesha kidole chenyewe, kama mtoto.

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Alikitazama kidole changu gumba kwa muda, kisha akanyoosha mkono kwenye kichaka cha upande wa kichwa, akachuma tunda jeusi, akalila. Akachuma la pili akanipa. "Kula," akasema. Nikala. Lilikuwa tamu, na nililiogopa. Sijawahi tangu siku hiyo kuogopa kitu kitamu kiasi kile.

Akachomoa kisu, akakata kijiti cha unene wa penseli, akanitia mkononi. Akasema, "Mama hakuuawa na mti, Fundi. Alikuamini. Alingoja miaka yote ile, na hakuwa na macho. Sasa ngoja wewe."

Alirudi kaskazini. Alikuwa ameacha mke na mtoto huko. Sikumwona tena, na barua haijaja.

Mimi niliondoka Kibera nikaja Kawangware kumtafuta yule mzee wa kijiti, ili angalau yeye anikemee kama mtu mzima anavyopaswa kukemewa. Alikuwa ameshafariki, na mti mama ulikuwa umekatwa kwa ajili ya vyumba vya kupangisha. Penye miti hapana wajenzi, na penye wajenzi hapana miti. Nikapanga chumba karibu na pale ulipokuwa, nikachomeka kijiti changu uani. Ndio huu uliotaka kuuangusha jana.

Basi sikiliza ninalokuambia. La mikono kwanza, kwa kuwa ndilo rahisi. Ukitaka mforosadi, chukua kijiti wakati huu huu mti ukiwa mtupu, chenye macho manne ya kuchipulia au zaidi. Macho mawili yazame ardhini, mengine yatazame juu. Ukikigeuza kichwa chini hakitakusamehe. Kimwagilie mpaka kishike. Usiupande karibu na ukuta, choo wala bomba, maana mizizi yake hufuata maji kama mbwa anavyofuata harufu. Usianike nguo nyeupe karibu nao. Ukishazaa, ukate matawi, ndipo utazaa tena. Tunda jekundu liache, litakuumiza tumbo. Ngoja jeusi, lile linaloachia lenyewe. Na unapovua majani, usiulilie wala usiufurahie. Chukua ukucha, kwangua mahali padogo. Kahawia na pakavu, kwangua chini zaidi. Kijani, uache ulale.

La pili ni gumu. Usitoe hukumu juu ya kitu ambacho unataka pahali kiliposimama. Mimi nilitaka banda, ndipo nikauona mti umekufa. Kama ningekuwa sitaki kitu, kosa langu la Kitui lingenyooshwa na patasi ile ile. Tazama watu wanavyosemwa kuwa wamekwisha: mzee anayeshikilia chumba, mgonjwa anayeshikilia kitanda, ndugu aliyekwenda asirudi na shamba lake linatamaniwa. Ukisikia mtu anatangaza kifo haraka, angalia amesimama wapi. Na ukiwa ni wewe unayetangaza, angalia kidole chako kiko juu ya nini. Asiyeona akikuomba umtazamie, amekupa macho yake uyashike. Ukimdanganya, hutalala tena kitanda kisichokuwa na majani chini yake.

Kila alfajiri, tangu niwe na mti huu, natoka kupapasa majani. Ninaona bado, namshukuru Mungu, lakini nafumba macho. Nikipata jani nasema maneno aliyosema yeye. Marjani kama yupo ni mzee kama mimi. Mwaka huu mti umevua mapema kuliko miaka yote, na matawi ya juu yanavunjika kwa sauti niliyowahi kuisikia. Sijakwangua. Nimeusogelea mara nyingi na ukucha wangu tayari, na kidole gumba kinaanza kunata, hata kikiwa kikavu, nami narudi chumbani.

Ndiyo maana nakuomba, kesho asubuhi, njoo bila panga. Kwangua wewe. Mimi nitasimama nyuma yako, nimefumba macho, kama alivyosimama yeye. Pakiwa kijani, niambie kijani. Pakiwa pakavu, niambie pakavu. Nitakuamini, na nitajua kama ni wakati wa kutandika mkeka, kama alivyotandika yeye. Usinionee huruma ukaweka kidole.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kusema ulichokiona. Akupe subira ya kungoja kilicholala, na watu wa kukungoja wewe utakapokuwa mbali. Popote utakapokuwa ukila, mtu nyumbani apapase jani, aseme umekula, na iwe kweli.